Dk. Daudi Ballali na Akaunti ya Watu wa Mbali

Wasomaji wa zamani wa kijitabu hiki wanajua kwamba kabla ya kurasa za bajeti na fomu za ahadi huwa tunaweka maisha ya mtu mmoja. Mara nyingi ni mwalimu, mchungaji au tabibu, mtu wa kwetu au aliyefanya kazi kwetu. Mwaka huu kamati imeniomba mimi niandike, na kwa kuwa ni mhasibu nimechagua mtu wa shughuli inayokaribiana na yangu. Hakuwa wa Digodigo wala wa Ngorongoro. Alikuwa mtu wa Iringa. Ni Dk. Daudi Ballali, gavana wa tano wa Benki Kuu ya Tanzania, aliyefariki dunia Mei 16, 2008.

Najua jina hilo likitajwa mbele ya watu wa rika langu bado wanaangaliana. Vijana wetu walio vyuoni sasa walikuwa wanasoma shule za msingi, wengine hawajazaliwa, na wanalisikia kama kichekesho cha mitandaoni. Hiyo ni sababu moja ya kumwandika. Sababu ya pili iko kwenye ajenda za mkutano mkuu wa mwaka huu, nayo nitaifikia.

Kazi ya benki kuu si ngumu kumweleza mtu aliyekulia kwenye mifereji ya Batemi. Sisi tunalima kwa maji ya chemchemi, na maji hayo yana wenyewe wa kuyasimamia, wenamiji. Mwenamiji hakulimii shamba lako wala hakupi mbegu. Kazi yake ni kuona kwamba mwenye zamu anapata maji, mfereji haupasuki, na mwenye nguvu aliye juu hamkaushii mnyonge aliye chini. Anayefungua maji usiku kwa zamu isiyo yake anatozwa faini, na faini yetu toka zamani inajulikana kwa mbuzi. Benki kuu nayo haimkopeshi mkulima wala haifungui akaunti ya mwalimu. Inatoa noti na sarafu, inapima fedha kiasi gani ziingie sokoni ili bei zisipande ovyo, inatoa leseni kwa benki nyingine, inazikagua, na ile iliyokauka inaifunga kabla haijamaliza amana za watu. Inatunza fedha za Serikali na akiba ya fedha za kigeni. Kuna kazi moja zaidi ambayo haitajwi sana: inatunza pia fedha za watu ambao hawapo. Ballali tunamkumbuka kwa hiyo.

Benki Kuu yenyewe ilifungua milango Juni 14, 1966, baada ya Tanzania, Kenya na Uganda kuachana na sarafu moja ya Afrika Mashariki. Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei, akafuata Charles Nyirabu aliyekaa miaka mingi kuliko wote, kisha Gilman Rutihinda aliyefariki mwaka 1993 akiwa madarakani, kisha Dk. Idris Rashidi. Ballali alikuja mwaka 1998, akiteuliwa na Rais Mkapa. Alikuwa amesomea uchumi Marekani na kufanya kazi miaka mingi katika Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, mjini Washington. Kwa wengi wetu IMF lilikuwa jina la kutisha, la miaka ya foleni za sukari na kupunguzwa kazi. Huyu alikuwa Mtanzania aliyekaa upande ule wa meza, sasa anarudi kukaa upande huu.

Nchi aliyoikuta ilikuwa katikati ya mageuzi makubwa ya benki. Kuanzia Februari 1967, Azimio la Arusha lilipotaifisha benki, kwa zaidi ya miaka 20 Mtanzania wa kawaida alijua benki moja tu, NBC. Tume iliyoongozwa na Nyirabu ilipendekeza milango ifunguliwe, sheria ya mwaka 1991 ikaruhusu benki binafsi, na mwaka 1993 zikaanza kuingia. Moja kati yao, Meridien BIAO, ilianguka mwaka 1995, miaka miwili tu baada ya kuanza. Hapo ndipo watu walipojifunza kwamba jengo zuri na vioo haviifanyi benki kuwa salama. Mwaka 1997 NBC yenyewe ikagawanywa, na NMB ikarithi matawi mengi ya wilayani, yale ambayo walimu na wauguzi wa mikoani walipangia foleni ya mshahara.

Kwa hiyo kazi kubwa ya Ballali katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya usimamizi. NBC iliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000, na mwaka 2005 asilimia 49 ya NMB zikaenda kwa wawekezaji walioongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Uamuzi wa kuuza ulikuwa wa Serikali, lakini benki kuu ndiyo inayopima anayenunua: ana mtaji wa kutosha, ni mtu wa aina gani, ataendesha nini. Mwaka 1999 Benki ya Greenland ilifungwa Uganda, na kampuni yake tanzu iliyokuwa Dar es Salaam ikafungwa mwaka huo huo. Kufunga benki ni kazi isiyo na shukrani. Ukiifunga mapema, wenye nayo wanakushtaki kwamba ungengoja ingepona. Ukichelewa, wenye amana wanalia mlangoni. Kuanzia mwaka 1994 kulikuwa na Bodi ya Bima ya Amana ya kuwafidia wenye akiba ndogo, lakini mwenye kiasi kikubwa alisubiri mali za benki ziuzwe, na alipata kilichopatikana.

Mfumuko wa bei ndio uliompa sifa nje ya nchi. Katikati ya miaka ya 1990 bei zilikuwa zikipanda karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimeshuka hadi karibu asilimia 5. Haki itendeke: kushuka huko kulianza kabla yake, wakati wa Dk. Rashidi, Serikali ilipoanza kutumia kile tu ilichokusanya na kuacha kuiendea benki kuu kila mwezi ikiomba noti. Lakini kuifikisha bei chini ni jambo moja, kuiweka pale miaka mfululizo ni jambo jingine. Mwenye mbuzi huenda asione tofauti kubwa, maana mbuzi anapanda bei pamoja na vitu vingine. Anayeumia ni yule aliyeweka akiba ya noti kwenye sanduku akisubiri mtoto afike kidato cha kwanza. Kwa asilimia 30, akiba hiyo inapoteza nusu ya nguvu yake kabla ya miaka mitatu kwisha. Kwa asilimia 5, mtoto anafika shule.

Mwaka 2001 Tanzania ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni ya nje chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na fedha zilizokuwa zikienda kulipa wakubwa zikaelekezwa kwenye elimu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka huo huo, na madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi na fedha za MMEM bado yamesimama. Mwaka 2006 zikapitishwa sheria mbili mpya, ya Benki Kuu na ya Mabenki na Taasisi za Fedha, ambazo ndizo msingi wa usimamizi tulio nao hadi leo. Benki na taasisi za fedha nchini zilikuwa zimezidi 30. Kwa mizani ya kazi ya gavana, huo ni urithi ambao mtu angeweza kustaafu nao kwa heshima.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalikumbuka. Mwaka 2003 zilitoka noti mpya: tembo kwenye 10,000, kifaru kwenye 5,000, simba kwenye 2,000, Mwalimu kwenye 1,000, nyati kwenye 500. Noti ina sahihi mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Sahihi ya Ballali ilifika mpaka minadani Loliondo, ikakunjwa kwenye fundo la kanga na ikalowa jasho kwenye soksi za wachunga. Huenda hakuna Mtanzania wa wakati wake ambaye sahihi yake ilishikwa na watu wengi zaidi. Noti hizo zimekwisha kazi: Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko pamoja na nyingine za toka 1985, na muda wa kuzibadilisha ulianza Januari 6, 2025 ukaisha Aprili 5 mwaka huo.

Sasa nifike kwenye akaunti. Naomba uvumilivu, maana wengi wanaijua kwa jina tu, EPA, na jina limefunika jambo lenyewe.

Katika miaka ya 1970 nchi ilikosa fedha za kigeni. Vita ya Kagera, bei ya mafuta, ukame na mazao kushuka bei, yote yalichangia. Tuseme kiwanda cha Dar es Salaam kimeagiza vipuri Ujerumani. Kiwanda kina shilingi, lakini Mjerumani anataka marki au dola, na nchi haina. Utaratibu ukawa huu: kiwanda kinalipa shilingi zake NBC, kinapewa uthibitisho, na NBC inasubiri fedha za kigeni zipatikane imlipe Mjerumani. Foleni ikawa ndefu. Mwaka 1985 mzigo wote ulihamishiwa Benki Kuu.

Hapa mhasibu yeyote anaanza kukuna kichwa. Aliyelipa shilingi amemaliza wajibu wake, vipuri vyake vimeshafungwa kwenye mashine na huenda mashine yenyewe imeshakuwa chuma chakavu. Anayedai yuko mbali, anadai kwa dola. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Kufika 2005 ilikuwa imepita shilingi 1,100. Shilingi zilizowekwa zilikuwa zilezile, deni lilikuwa limeota mara 60 na zaidi. Wakati huohuo wadai wenyewe walikuwa wanapungua. Kampuni zilikufa, zilinunuliwa, zilifuta madeni hayo vitabuni mwao na kusahau. Katika miaka ya 1990 Serikali iliwatangazia wajitokeze walipwe sehemu ya madai yao. Wengine walijitokeza, wengine kimya.

Utaratibu uliruhusu kitu kimoja cha kawaida katika biashara ya madeni: mdai anaweza kumhamishia mtu mwingine haki ya kudai, kwa hati. Mjerumani wetu amechoka kusubiri, anamuuzia kampuni ya Dar es Salaam deni lake kwa bei ya chini, na kampuni hiyo inakwenda Benki Kuu na hati mkononi. Si kosa. Kila kitu kinategemea kama hati ni ya kweli, na kama kuna mtu aliyepiga simu Ujerumani kuuliza.

Katika mwaka wa fedha 2005/06 Benki Kuu ililipa kutoka akaunti hiyo zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa kampuni 22 za hapa nchini. Wakaguzi wa nje waliokuwa wakipitia hesabu za mwaka huo walitilia shaka malipo ya kampuni moja iliyopokea zaidi ya dola milioni 30. Mkataba wa wakaguzi hao ulisitishwa. Jambo likafika bungeni, likatoka bungeni likaenda viwanjani. Septemba 15, 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma hadharani orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Gavana lilikuwemo. Serikali ilikuwa imeagiza ukaguzi mpya, na kazi ikapewa Ernst & Young.

Ripoti ilimfikia Rais Kikwete mwanzoni mwa Januari 2008. Kampuni 13 zilikuwa zimelipwa takriban shilingi bilioni 90.4 kwa hati za kughushi na maelezo ya uongo. Nyingine 9 zililipwa bilioni 42.7 hivi bila vielelezo vya kutosha kuonyesha walistahili. Mbili kati ya hizo hazikuwa hata na kumbukumbu kwa msajili wa makampuni. Soma tena hapo. Mwanachama wetu akitaka kurejeshewa nauli ya basi tunamdai tiketi.

Januari 9, 2008 Katibu Mkuu Kiongozi alitangaza kwamba Rais ametengua uteuzi wa Gavana. Ballali hakuwepo nchini. Alikuwa Marekani kwa matibabu. Naibu wake, Profesa Benno Ndulu, alishika nafasi. Iliundwa timu ya Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Polisi na Mkurugenzi wa TAKUKURU kufuatilia fedha. Nchi ilikuwa moto: mwezi uliofuata Waziri Mkuu alijiuzulu kwa sakata jingine kabisa, la umeme. Kwenye daladala na vilabuni swali lilikuwa moja, Ballali atarudi lini aseme anachojua. Hakurudi. Alifariki huko Mei 16 na akazikwa huko huko.

Kwetu mtu kuzikwa ugenini ni neno zito, hata kama ni mtu usiyemjua. Kwa miaka kadhaa baadaye walikuwepo walioapa kwamba hajafa, kwamba ameonekana mahali fulani. Mimi sioni ajabu uvumi huo ulikopata nguvu. Watu walikuwa wamenyimwa maelezo ya mtu aliyekuwa ameshika kalamu, na mahali pa maelezo pakakaliwa na hadithi.

Fedha zenyewe sehemu yake zilirudi. Waliochukua walipewa muda wa kurejesha, na Agosti 2008 Rais aliliambia Bunge kwamba zaidi ya shilingi bilioni 50 zilikuwa zimeshapatikana, na kwamba zitaelekezwa kwenye kilimo, ikiwemo ruzuku ya mbolea. Muda ukaongezwa hadi mwisho wa Oktoba. Novemba watu wakaanza kupandishwa kizimbani Kisutu, wafanyabiashara pamoja na baadhi ya watumishi wa Benki Kuu. Wengine walifungwa, wengine waliachiwa. Ballali mwenyewe hakuwahi kushtakiwa, na hakuna mahakama iliyosema neno juu yake. Anayeandika kwamba aliiba anaandika asichoweza kuthibitisha. Na anayeandika kwamba alionewa, vilevile.

Ninachoweza kusema kama mhasibu ni kidogo zaidi ya hapo, na kwangu kinatosha. Tukio lile halikutokea kwenye akaunti ya mishahara. Mshahara wa mwalimu ukichelewa siku mbili, nchi nzima inajua. Halikutokea kwenye amana za benki, ambako kila mwenye daftari anajua salio lake. Lilitokea kwenye akaunti ambayo wenyewe walikuwa mbali, wamekata tamaa, wengine hawapo tena, na hakuna ambaye angeamka asubuhi aulize salio. Kwa miaka 20 ilikaa kwenye vitabu kama shamba la mtu aliyehamia mjini. Taasisi ileile iliyokuwa inazikagua benki 30 na kuzifunga zilizoharibika, iliyokuwa na wakaguzi wa ndani, bodi na kamati, ilishindwa kujikagua yenyewe mahali ambapo hakuna mteja wa kupiga kelele. Mwenamiji anaangalia mifereji ya watu. Mlango wa chemchemi aliamini hauna mwizi.

Wapo wanaosema ukubwa wa makosa hayo unafuta mazuri yote ya miaka kumi. Sikubaliani nao. Bei zilizotulia zilikuwa za kweli, benki zilizosimama zimesimama mpaka leo, na sheria za 2006 ndizo zinazotumika. Lakini wanaosema tuyapime kwa kilo, mazuri huku na mabaya huku, nao sikubaliani nao. Gavana hapimwi kwa wastani. Daktari aliyetibu vizuri wagonjwa mia tisa hapewi ruhusa ya kumwacha wa mia tisa na moja afe mlangoni kwa sababu ndugu zake hawapo.

Sasa ajenda ya mkutano mkuu. Wanachama wa muda mrefu wanakumbuka mchango wa bomba la maji uliokusanywa kabla ya wengi wetu kujiunga, kwa ajili ya mradi ambao baadaye ulifanywa na wafadhili wengine. Fedha zile hazikutumika. Zimekaa kwenye akaunti maalumu, zimepata riba kidogo na kukatwa gharama kidogo, na daftari la wachangiaji lipo, limeandikwa kwa mkono, kurasa nyingine zimeliwa na panya pembeni. Wachangiaji wengi tumewapata na wameridhia kwa maandishi kwamba fungu lao liende kwenye bweni la wasichana tunalochangia mwaka huu. Kuna wasiopatikana. Wengine wamefariki, wengine walihamia na namba za simu zimebadilika, wengine walikuwa watumishi waliopita kwetu tu, walimu na mabwana shamba kutoka mikoa mingine.

Pendekezo lililoletwa ni kwamba tuhamishe fedha zote kwa pamoja, kwa kuwa bweni linahitaji paa kabla ya mvua na hakuna atakayeuliza. Mama mmoja katika kikao cha Arusha alisema paa la watoto haliwezi kungoja marehemu. Anasema kweli, na mvua haisubiri. Hata hivyo msimamo wangu, ambao nitausema pia kwenye mkutano, ni kwamba fungu la wasiopatikana libaki lilivyo mpaka tuwe tumewatafuta kwa dhati, wao au warithi wao, na kila jina liwe na maandishi: aliyetafutwa, na nani, lini, akasema nini. Atakayekuja kudai fungu la mwingine aje na barua ya mwenyewe au ya mirathi, na mjumbe mmoja asiye ndugu yake apige simu kuthibitisha kabla vocha haijaandikwa. Ikifika mwaka kesho kuna mabaki yasiyo na mtu, mkutano mkuu uamue kwa kura, wala si kamati ya watu watano. Pengo la paa tulizibe kwa michango mipya. Hesabu yake iko kwenye bajeti, na si kubwa kiasi cha kutushinda kama waliopo mjini watatimiza ahadi za mwaka jana.

Majina ya wachangiaji ambao hatujawapata yamechapishwa kwenye kurasa mbili kabla ya fomu ya ahadi, pamoja na kijiji au kituo cha kazi kama kilivyoandikwa kwenye daftari. Yako yaliyofifia ambayo tumeyasoma kwa kukisia, hasa ya Kisangiro na Samunge. Tafadhali yapitie pamoja na wazee wa nyumbani kwako. Ukimtambua mtu, au mtoto wake, au hata aliyewahi kukaa naye nyumba moja ya walimu, mweleze mhazini kabla ya siku ya harambee.